Aliyembeba Babu Mgongoni

Kila tukichoma mahindi hapa Dirma, babu hutusimulia jinsi mwenzake alivyombeba mgongoni kwenye Vita vya Kagera, mguu wake ukivuja damu. "Yule alikuwa mwanaume kweli," humalizia hivyo.

Jana nilirudi kutoka Katesh na kitabu cha vita hivyo. Nikawafungulia picha moja: babu, bado kijana, amebebwa.

Aliyembeba alivaa sare ya mgambo. Chale zilizunguka macho yake yote mawili.

Chale zile nimekua nikizigusa usoni kwa Bibi Hilda, aliyekuwa pale akimmiminia babu maziwa.

Babu akanyoosha mkono akifunge kitabu. Bibi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Simulia tena, mzee," akasema taratibu. "Ila leo umtaje kwa jina."