Hatua Hamsini Kutoka Njiani

Kwa siku tisa polisi walikuwa wakiutafuta mtoni mwili wa mwalimu Kiondo, aliyeaminika kuuawa akirudi nyumbani. Zamaradi, mtafiti aliyesoma majalada mia nne ya mauaji, akamwendea Inspekta Lubuva.

"Afande, wauaji wengi hawabebi maiti mbali. Tafuteni kandokando ya njia yake ya nyumbani, kwenye mteremko."

"Hayo ni ya vitabuni, binti."

"Yametoka kwenye majalada yenu wenyewe."

Inspekta akawaita askari wake. Hatua hamsini kutoka njiani, chini ya matawi yaliyokatwa, wakampata mwalimu.

Lubuva akavua kofia. "Dakta," alisema mbele ya wote, "muuaji naye tuanze kumtafuta wapi?"

Zamaradi alisimama wima, moyo umemjaa fahari aliyoionea haya. Mjane wa Kiondo akaja, akamshika mkono, wala hakuuachia.