Yago la Mfalme

Vijana wale sijawahi kuwashukuru ipasavyo. Walikuwa shambani Ndhiwa wakicheza mchezo wao wa falme za kubuni, nami, mchoraji, nilikuwa nimesafiri kuchora madhabahu walizojenga kwa mchezo huo. Nikawakuta wanamzika mfalme aliyeuawa vitani.

Mfalme mwenyewe alisimama kando akila mahindi ya kuchoma. Walichokuwa wanazika ni yago, lile tunda refu ambalo sisi Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Walikuwa wamelivisha shuka jeupe.

"Mtu aliye hai hazikiwi yago," nikasema.

Msichana aliyelibeba akalikumbatia. "Na tumeshalichuma, dada. Sasa tulipeleke wapi?"

Nikajikuta ninawaambia habari za ndugu yangu aliyezama ziwani Kendu Bay. Mama, mtu wa kanisa, alikataa mambo ya yago, kwa hiyo hatukuzika kitu.

Mfalme akaweka mahindi chini. Akavua taji lake la katoni, akachukua jembe, akaingia shimoni kulichimba zaidi, maana lilikuwa shimo la mchezo tu.

Lilipomfika kiunoni, akainua macho. "Anaitwa nani, dada? Tutamwita tukimlaza."

Nikashika ncha moja ya shuka.

"Gordon."