Fremu ya Edina

Mama Edina aliingia studio amekumbatia fremu kubwa, kioo kikiwa kimegeukia kifuani kwake. Akaiweka mezani mbele ya Festo, mpiga picha.

"Nataka ile picha ya mwanangu ya mahafali," alisema. "Ijae humu. Kesho itatangulia mbele ya jeneza."

Festo aliifungua kwenye kompyuta. Alibaki na ile ndogo tu, iliyopunguzwa ili iende kwa simu. Siku ya mahafali alimwambia Edina alete flashi achukue faili kubwa zenyewe, Edina akacheka, akasema ya kwenye simu inatosha, si anajiona. Festo aliingoja ile flashi, mwishowe akafuta kadi ya kamera apate kupiga harusi.

Alivuta picha ikue. Macho yakawa miraba ya kahawia, tabasamu likapotea.

"Rudisha," mama alisema. Akarudisha, na Edina akatokea tena, mdogo kama kwenye kitambulisho. "Si huyu hapa. Sasa mkuze taratibu."

Festo alimkuza taratibu. Akapotea vilevile.

"Mama, hawezi kuzidi hapo."

Mama alimsogezea fremu. "Basi mchape hivyo hivyo."

Alipotoka, kioo kilikuwa kimegeukia nje. Watu njiani walimpisha, kisha wakainama kutazama, maana katikati ya weupe wote ule wa karatasi palikuwa na kitu kidogo, na hakuna aliyeweza kusema ni nani.