Kapteni wa Kuazima

Habari kwamba kambi ya mateka inaletewa Kanali ilimkuta Kapteni akinyoa ndevu. Akajikata kidevu.

"Tena wa kikosi chako," Meja alimwambia huku akishona kifungo. "Mtafurahi kuonana."

Furaha gani. Kapteni hakuwa kapteni. Alikuwa mpishi wa kikosi. Siku walipotekwa, kapteni mwenyewe alilitupa koti lake jikoni akatimua mbio na fulana. Mpishi akaliokota, maana alishasikia sheria ya vita: afisa akitekwa hafanyishwi kazi, askari wa kawaida hupelekwa machimbo ya mawe. Na machimboni watu walikuwa hawarudi.

Tangu hapo aliishi kibwana, roho mkononi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, naye alihisi upepo kutwa kucha. Alijitahidi kuwaiga maafisa wenzake, ingawa walimshangaza. Kumbe wakubwa ni wanyenyekevu hivi! Meja alishona kushinda fundi, Luteni alimenya viazi bila hata kuviangalia, na wakimaliza kula waligombania kuosha sahani. Mpishi aliona haya kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwasengenya.

Saa ya chakula Kanali akaingia, kitambi mbele, nyota mabegani. Akaketi mkabala na Kapteni. Akamtazama, akaacha kutafuna, akamtazama tena.

Mpishi akalowa jasho. Nani katika kikosi kile hakuwahi kupanga foleni mbele ya sufuria yake? Akamwona Kanali anafungua mdomo, na walinzi wako pale pale mlangoni. Liwalo na liwe. Akakumbuka jinsi kapteni wake alivyokuwa akizima maswali, akaipiga meza ngumi.

"Unanitolea macho ya nini? Hebu simama ukiwa mbele yangu!"

Neno likishatoka halirudi. Kapteni tu kamfokea Kanali mzima, hadharani, ugali wa mtu ukiwa bado mdomoni. Mpishi akafumba macho, akayaona machimbo, akaanza kuiaga dunia kimyakimya.

Viti vikakwaruza sakafu. Alipofumbua macho, Kanali alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, kidevu juu, akitetemeka. Nyuma yake Meja amesimama. Luteni amesimama. Chumba kizima kimesimama.

"Ndiyo, afande," wakaitikia wote.