Maktaba ya Minong'ono

Hekaya hii alinisimulia wifi yangu Mwanahamisi, jioni.

Wanyama walikuwa na maktaba ndogo, nao humo walinong'ona tu, kama majani yaliyolala. Siku moja mkuu wao, Ngiri mwenye pupa, akatangaza humo, "Nataka kuweka mahindi yangu hapa. Anayekataa aseme!"

Hata Kasuku mpiga domo alinyamaza, kwa kuwa sheria ya humo ilikataza kupaza sauti.

"Basi, mmekubali," Ngiri akacheka.

Mtoto wa Digidigi, aliyekuwa akisomewa na mama yake hadithi ya kobe, akalia, "Mama, yule kobe alifika mwezini?"

Digidigi, mwenye haya kuliko wote, akasoma kwa sauti. Ngiri akaketi taratibu, macho yakimlegea.

"Usiache, mama," Ngiri akanong'ona. "Mahindi nitayaweka kwangu."

Asubuhi iliyofuata, mimi nilimbeba mwanangu hadi maktaba yetu, nikamwomba mkutubi niwasomee watoto kwa sauti.