Utepe wa Mguuni

Nilishika mkasi, nikausogeza kwenye utepe uliounganisha mkono wangu na mguu wa mwanangu.

Tangu azaliwe nimeshona hivyo, yeye kalala pembeni, mimi kwenye cherehani. Akiamka akalia, mguu huuvuta utepe, nami najua. Masikio yangu hayakuwahi kuniambia.

Asubuhi ile, hospitalini, walikuwa wamenibandika kifaa cha kusikia nyuma ya sikio, juu ya skrubu ndogo waliyoipandikiza kwenye mfupa miezi iliyopita.

"Kumbe cherehani yangu ina kelele hivi!" nilishangaa niliporudi nyumbani na kukaa kushona.

"Sisi tumeivumilia miaka yote, mwanangu," mama mkwe akacheka, huku akishona vifungo.

Nikaukata utepe. Nikamlaza mtoto chumba cha pili, nikarudi kushona.

Katikati ya pindo nikasita. Chini ya kelele za cherehani kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, inapanda na kushuka.

Nikainua macho. Sindano ya mama mkwe ilikuwa imesimama hewani. Alinikodolea macho, midomo kaibana kwa nguvu isimtoke hata neno.

"Kaa tu, mama," nikamwambia. "Naenda mwenyewe."