Uzi wa Theseus, Brooklyn Park

Leso ya pili ilipiga chafya, na Jotham akajua huyo si Wambui. Mchumba wake hupiga chafya kama paka. Ile ilikuwa ya dereva wa lori.

Zikabaki nne. Wanawake watano walikuwa wamejipanga sebuleni, wamefunikwa leso kuanzia utosini hadi vidoleni. Ndiyo desturi ya Wakikuyu: mposaji amtambue wake bila kumfunua.

"Ukikosea mnarudi kwenu, tuonane theluji ikiyeyuka," alisema Rahab, shangazi wa Wambui, akizima kaseti ya kwaya. Harusi ilipangwa Machi, na hapo Brooklyn Park theluji huyeyuka Aprili. "Na mkiona wengine wanene, msinung'unike. Wasichana wengi wako kazini leo. Tumeazima tuliowapata."

"Chagua, bwana," Moses, rafiki wa Jotham, alinong'ona. "Chai inapoa. Hata mama yako ameshaikimbilia jikoni."

Lakini Jotham alikuwa akiandika tasnifu juu ya saikolojia ya mashujaa wa Kigiriki. Kubahatisha ni kwa wengine.

"Theseus aliingia gizani kupambana na dubwana," alimweleza Moses. "Lile giza ni nafsi yake. Dubwana ni woga wake. Macho hayakumfaa kitu. Kilichomtoa ni uzi alioufunga mlangoni."

"Na wako uko wapi?"

"Moyoni."

"Basi uvute. Nina njaa."

Jotham akafumba macho, akanyoosha mkono.

"Kiganja tu, msomi," Rahab akaonya. "Kwingine kote ni kwetu bado."

Kiganja cha kwanza kilikuwa baridi kama mlango wa gari asubuhi. Cha tatu kilitetemeka kwa kicheko. Cha nne kilimfinya, na Jotham akakiacha haraka.

Cha tano kilikuwa na joto. Kilinukia iliki. Alipokishika tu, mabega yake yakashuka, moyo ukatulia. Ghafla akahisi njaa, usingizi, na kwamba amesamehewa kila kitu.

"Uzi umefika," akatangaza. "Huyu ndiye nitakayeishi naye mpaka kufa."

Leso moja ikaguna.

"Una hakika?" Rahab akauliza.

"Sijawahi kuwa na hakika hivi tangu nizaliwe."

Rahab akainua leso.

Chini yake, mama yake Jotham alimaliza kwanza kutafuna andazi lake, kisha akamnyooshea mwanawe kola ya shati.